Sura ya Tisa: Maji ya Kihisi

Venant alikuwa amesema angefika saa tisa alasiri, na ilipobaki dakika mbili Cibalonza akasikia lango la bati la nyumba yao, mtaa wa Nyawera mjini Bukavu, likisukumwa. Hakuinuka. Asubuhi, alipokuwa akifunga kitambaa kichwani mbele ya kioo, alijiahidi kwamba leo hatakwenda kumpokea mlangoni. Kwanza aseme alichokuja kusema.

"Mutu yako amefika," Tantine Agathe akaita kutoka jikoni. "Na amebeba kisanduku. Hapana kuku, hapana mukungu ya ndizi. Kisanduku ya mbao!"

"Haiko mutu yangu, Tantine."

"Sasa iko mutu ya nani? Ya kisanduku?"

Tantine Agathe alikuwa dada mdogo wa baba yake, na ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Haraka yake ya harusi ilizidi ya bibi harusi mwenyewe. Tangu juzi kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi aliyoikamua kwa mikono yake, kilikuwa kimefichwa nyuma ya mlango wa jikoni. Katika nyumba hii msichana akimkubali mchumba hasemi kwa mdomo. Humiminiwa kinywaji mbele ya baba yake, akaonja kidogo, kisha akampa mwanamume glasi ileile. Dada yake Martine alifanya hivyo katika sebule hiihii, akitetemeka hadi nusu ya glasi ikamwagikia zulia.

Lakini leo baada ya misa baba yake, Papa Polycarpe, alipita jikoni, akakiona kibuyu, akasema, "Hiyo kibuyu isitoke hapa mupaka mimi niseme."

Na Papa Polycarpe hakuwa mtu wa kurudia neno. Alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na mmoja, akastaafu akiwa na miwani minene, koti la kijivu lililopigwa pasi, na desturi ya kumsikiliza mgonjwa mpaka mwisho kabla ya kumgusa.

Venant aliingia, akakiweka kisanduku sakafuni. Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake jeupe lilikuwa na doa la wino kwenye pindo la mkono wa kulia, mahali palepale Cibalonza alipoliona Jumanne iliyopita. Kwenye karatasi za kazi aliitwa Citoyen Bisimwa, yaani raia Bisimwa, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa sabini na nane na kwa amri ya serikali majina ya ubatizo yalikuwa hayaandikwi tena ofisini. Majumbani watu waliendelea kuitana kama walivyobatizwa.

Macho yao yakakutana. Cibalonza ndiye aliyeyaondoa kwanza.

"Jambo, Papa. Jambo, Tantine," Venant alisema. Kisha akageukia dirishani, akainamisha kichwa. "Jambo, Lucien."

Lucien, kaka mkubwa wa Cibalonza, ambaye yeye alimwita Yaya, alikuwa ameketi dirishani, mgongo kwenye mwanga, mikono ndani ya mifuko ya koti. Siku hizi alikaa hivyo hata kukiwa na jua kali.

"Jambo, chef," akajibu, kama alivyomwita zamani alipokuwa mkubwa wake wa kazi. "Miaka mbili. Nilizani umesahau njia ya Nyawera."

"Sijaisahau."

"Kaa, citoyen," alisema Papa Polycarpe, akimwonyesha kiti.

Neno hilo lilimchoma Cibalonza. Baba yake alilitumia kwa wakaguzi na kwa watu waliokuja kuuliza habari za kodi.

"Kama Papa ananiruhusu, nitasimama kwanza," Venant akasema. "Niko na maneno mbili. Ya kwanza haiko ya ndoa."

Kutoka mlango wa jikoni Tantine Agathe, aliyeelewa kwamba basi ya pili ndiyo ya ndoa, akashusha pumzi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

*

Wiki tatu kabla ya Jumapili hiyo, Cibalonza alikuwa akisafisha kabati la atelie, ile karakana alikofanya kazi. Atelie hiyo ilikuwa nyumba ndefu ya matofali kando ya barabara iendayo kijiji cha Miti, na kazi yake ilikuwa kutengeneza na kutunza vipima sumaku vya wataalamu wa miamba. Yeye alisokota koili. Waya mwembamba wa shaba, mizunguko mia tisa, mmoja kando ya mwingine bila kupandana, na asipoteze hesabu. Aliifanya vizuri. Kazi hiyo, na kiti chenyewe, vilikuwa vya Lucien kabla ya mikono yake kuungua.

Chini ya kabati alikuta fishi, karatasi ya zamani ya maelekezo ya kuunda kihisi, ile sehemu ya kifaa ambayo wao kazini waliiita sonde. Mchoro ulikuwa wa mkono wa Venant, herufi zilezile ndogo zilizonyooka alizoziona kwenye barua tisa zilizokuwa chini ya godoro lake. Aliusoma kama anavyosoma michoro yote, kutoka juu kwenda chini, akagundua kwamba vituo vya kufungia waya wa batri viliwekwa kwenye shingo ya chupa, kandokando ya kizibo. Chupa yenyewe ilijazwa alkoli. Anayetaka kuongeza alkoli alilazimika kufungua waya hizo kwanza, na pua yake, vidole vyake na mvuke wa alkoli vyote vilikuwa mahali pamoja.

Alikaa sakafuni na karatasi ile magotini. Hakulia. Alikwenda nayo kwenye meza ya Venant, akaiweka mbele yake.

"Hii njo iliunguza Yaya Lucien?"

Venant akaitikia kwa kichwa. "Njo hii."

"Na rapori ilisema sigara."

"Rapori ilisema sigara. Mi nilitia sinyatiri." Akaitazama kalamu aliyoitilia sahihi ripoti ile ya ajali.

"Tangu lini unajua haikuwa sigara?"

"Tangu wiki ya kwanza," Venant akasema. Angeweza kusema uongo. Baadaye, alipolala bila usingizi, Cibalonza alilihesabu hilo kama sifa ya Venant, kisha akalitoa tena.

"Utakuja kwetu," alimwambia. "Utasema kwa Papa, ndani ya nyumba yake, na Yaya akiwa anasikia. Kama hapana, usinitumie barua tena."

Baada ya siku hiyo waliongea mambo ya kazi tu. Nao walikuwa na kazi: sonde mpya, ambayo walikuwa wameianza pamoja miezi kadhaa kabla. Jumanne iliyopita waliipandisha kwenye kilima kilicho juu ya kijiji cha Miti, mbali na mabati na magari, wakaijaribu. Kulikuwa na kisikizio kimoja tu cha sikioni. Ili wote wawili wasikie, ilibidi waegemeze vichwa. Venant alikata umeme, na kisikizioni ukaja mlio mwembamba kama wa filimbi, ukadumu sekunde mbili, tatu, ukafifia mpaka haukusikika tena. Hakuna aliyeondoa kichwa. Walikaa hivyo wakisikiliza kisichokuwepo, mpaka Cibalonza alipokumbuka, akaandika namba kwenye daftari.

*

"Sema," Papa Polycarpe akasema.

"Sigara haikuunguza Lucien," Venant akasema. "Njo sonde yangu iliunguza Lucien. Nilichora mubaya."

Nje, mtoto wa jirani alikuwa akiitwa arudi nyumbani, akiitwa tena.

"Eleza," Papa Polycarpe akasema. "Polepole. Mimi siko injinia."

"Na mimi unielezee," Tantine Agathe akadakia, akikaa pembeni ya kiti bila kualikwa. "Hiyo kintu inafanyaka nini hata? Miaka yote nasikia sonde, sonde."

Venant akamgeukia, na Cibalonza aliona kwamba alifurahi kupata swali analoweza kulijibu bila aibu. "Tantine, iko chupa yenye maji maji ndani. Unaizungushia waya. Unapitisha umeme ya batri, sekunde chache, alafu unakata. Ukikata, ile maji maji inatoa sauti kidogo ndani ya waya. Sauti ikiwa juu, sumaku ya udongo pale iko na nguvu. Ikiwa chini, iko na nguvu kidogo. Batu ya migodi banatafuta mawe ya chuma vile."

"Maji inaimba."

"Inaimba."

"Aya. Endelea."

"Umeme ikiwa ndani ya waya nyingi vile, ukiukata gafla, inaruka cheche. Kila mara. Ni vile iko. Mi nilijua. Lakini mahali ya kukatia niliiweka kwa shingo ya chupa, pembeni ya kizibo, juu ilikuwa fupi na rahisi kuchora. Na ndani ya chupa ilikuwa alkoli. Alkoli inapunguka kidogo kidogo, kila mwezi inaomba kuongezwa. Lucien alifungua waya ili aongeze. Batri ilikuwa ingali imefungwa. Fishi yangu haikusema atoe batri kwanza." Akamalizia bila kuinua sauti. "Moto ya ile alkoli, muchana, haionekanake. Alikuwa anaungua na hakuona moto."

"Najua moto ya alkoli," Papa Polycarpe akasema.

Dirishani Lucien alikuwa ametoa mkono mmoja mfukoni. Vidole viwili vilikuwa vimegandana kwenye ngozi nyororo, ya rangi ya waridi, isiyo na mistari.

"Niliizima," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Ile sigara. Niliizima inje, kwa ngazi, na kisigino. Nakumbuka juu niliikanyaga na ikashika kwa kiatu, nikaifuta kwa jiwe." Aliongea kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Niliwaambia siku ya kwanza pale hospitali. Alafu kila mutu akasema sigara, sigara. Rapori ikasema sigara. Nikaanza kuona kama niliingia nayo. Miaka mbili najiona naingia nayo mu mukono. Niliiona kabisa, chef. Na moshi yake."

"Haukuingia nayo," Venant akasema. "Nilikuta kipande inje, kwa ngazi, siku ileile. Kilikuwa kimekanyagwa."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Cibalonza alitazama mikono ya Venant. Ilikuwa imening'inia kando ya mwili wake, mitupu, na mwenyewe hakujua aiweke wapi. Alitamani kuishika. Akakunja mikono yake mwenyewe mapajani, akaikaza.

Papa Polycarpe alivua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa wa mzee kuliko miaka yake.

"Miezi ine nilibadilisha bandeji ya huyu mutoto," alisema. "Kila asubuhi. Na kila asubuhi nilimuuliza: Lucien, sigara? Na alkoli pembeni? Nilimufundisha nini mimi, mutoto ya muuguzi?" Akageuza kiti kizima, miguu yake ikikwaruza saruji, mpaka akamkabili mwanawe. "Niliamini karatasi kuliko mutoto yangu. Unisamehe, Lucien."

"Papa, wacha."

"Siwachi. Nimesema mbele ya batu. Unisamehe."

Lucien alitikisa kichwa mara kadhaa, akatazama nje, akajikuna shavu kwa ngumi. "Nimesamehe, Papa. Wacha kugeuza kiti, utaivunja."

Tantine Agathe akacheka, kisha akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge na kusema moshi wa jikoni umezidi, ingawa jikoni hapakuwa na moto.

*

Papa Polycarpe alivaa miwani tena, akamgeukia Venant. Sasa aliuliza kama alivyouliza wagonjwa miaka thelathini na mmoja, swali moja, kisha kimya, kisha lingine.

"Alkoli. Juu ya nini alkoli?"

"Fishi ilisema alkoli, Papa."

"Umesema fishi uliandika weye."

"Niliandika nikifuata kitabu ya wale bazungu batengenezaji. Nilitafsiri."

"Na kitabu kilisema juu ya nini alkoli? Maji ya kawaida haiimbe?"

Venant alifumba macho kidogo. Cibalonza alijua kinachokuja, maana alilikuta yeye mwenyewe, wiki mbili zilizopita, alipoomba kile kitabu na kukisoma kwa kamusi ukurasa baada ya ukurasa. Hakumsaidia.

"Maji inaimba vizuri. Lakini kitabu kinasema wasitie maji, juu wakati ya baridi maji inaganda na kupasua chupa."

Papa Polycarpe aliinuka, akaenda dirishani, akasimama kando ya Lucien. Kutoka pale, kati ya paa mbili za mabati, kipande cha Ziwa Kivu kilionekana, cha buluu, kimetulia. Alikitazama kwa utaratibu.

"Weye ulizaliwa wapi, citoyen?"

"Hapa. Kadutu."

"Uliona hii ziwa ikiganda?"

"Hapana, Papa."

"Hata kidogo? Pembeni pembeni?"

"Mama yangu!" Tantine Agathe akapiga makofi mara moja, akashindwa kujizuia. "Miaka sita kule Ubelgiji, diplome mbili, na hukuona kama Bukavu hakuna barafu! Mimi sikusoma, lakini nguo yangu inje haijagandaka!"

"Agathe," Papa Polycarpe akasema.

"Nimenyamaza."

"Anasema kweli," Venant akasema. Uso wake ulikuwa umepauka, lakini aliendelea kusimama wima. "Na iko mubaya kuliko vile, Papa. Kitabu kilisema pia sonde ilazwe. Kule kwao sumaku ya udongo inazama chini. Hapa kwetu inalala. Ukiilaza kama kitabu kinasema, siku ingine hausikii kitu. Ile niliiona mara moja. Nikafuta, nikaandika isimamishwe. Ile ya alkoli nilipita juu yake. Nilirekebisha ile iliharibu namba. Ile iliweza kuharibu mutu, nilitafsiri vile iko."

Cibalonza hakuwa amewahi kusikia hilo. Alikuwa ameona sahihisho lile na kosa lile kwenye fishi, kila moja kwa upande wake, na hakuwa ameyaweka kando kwa kando. Venant alikuwa ameyaweka mwenyewe, na sasa aliyatoa hapa mbele ya wanaomdai jibu, ilhali hakuna mtu aliyemuuliza. Kitu kifuani mwake, kilichokuwa kimekazwa kwa wiki tatu kama waya kwenye koili, kililegea mzunguko mmoja.

Venant alitoa bahasha kwenye mfuko wa shati, akaiweka mezani. "Hii iko kopi. Rapori mupya. Ijumaa niliipeleka kwa direkta. Nimeandika vile nimesema hapa."

Cibalonza akainua kichwa. "Hukuniambia."

"Haukuniomba hiyo," Venant akamjibu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie sauti yake ilikuwa ya wao wawili tu. "Uliniomba nikuje kwa Papa. Niliona kuja hapa haitakwenda bila rapori."

"Direkta alisema nini?"

"Alisema nirudi kesho asubuhi."

"Atakufukuza."

"Inawezekana."

"Na unasema vile tu! Inawezekana! Kama vile unasema mvua inawezekana!"

"Ciba," alisema Lucien kutoka dirishani, "ukigombana na mutu mbele ya baba yako, batu batazani mumekwisha kuoana."

Cibalonza akahisi joto kupanda shingoni hadi masikioni. Tantine Agathe alijibana mdomo kwa kiganja.

*

Papa Polycarpe alirudi kwenye kiti chake. Alifungua bahasha, akasoma karatasi zote tatu bila haraka, akirudi nyuma mara moja kuhakikisha tarehe. Alipomaliza alizikunja kwa mikunjo yake ileile.

"Kisanduku," alisema. "Fungua."

Venant akapiga magoti, akafungua kulabu mbili za kisanduku, akatoa sonde mpya na kuiweka mezani juu ya kitambaa cha kufumwa. Ilikuwa chupa ya plastiki nyeupe, nene kama paja la mtoto, imezungushiwa waya wa shaba uliopakwa vanishi, mizunguko mia tisa ambayo Cibalonza aliijua mmoja mmoja. Juu ilikuwa na kifuniko kipana chenye meno makubwa ukingoni. Chini kabisa, upande mwingine, ndiko waya wa batri ulikoingia.

"Vituo ya waya vimehama," Venant alieleza. "Mudomo iko juu, umeme iko chini. Cibalonza njo alihamisha. Na hii chuma ya alumini" (akaonyesha ufito mwembamba uliotoka kwenye plagi, ukapanda ubavuni na kupita juu ya kifuniko) "inashikana na plagi. Huwezi kufungua chupa kama hujatoa plagi. Na ukisha kutoa plagi, umeme umekwisha kukatwa, mbali na mudomo. Hata kama mutu hakusoma fishi."

"Hata kama fishi iko mubaya," Papa Polycarpe akasema.

"Hata kama fishi iko mubaya."

"Na ndani?"

"Maji safi ya farmasi."

Papa Polycarpe aliweka mikono magotini. Cibalonza alisikia moyo wake, akauhesabu kwa mazoea, akafika kumi na saba.

"Umekuja kuomba mutoto yangu mwanamuke," baba yake alisema hatimaye. "Neno ya pili njo ile, ao nimekosea?"

"Haukukosea, Papa."

"Mimi siwezi kukujibu. Nikikujibu leo, itakuwa hasira ao huruma, na zote mbili ni dawa mubaya. Mwenye mikono atajibu." Akamgeukia mwanawe. "Lucien. Kuja uangalie. Kama inafaa, sema. Kama haifai, sema, na huyu citoyen atachukua kisanduku yake aende."

Venant aliinua uso. Cibalonza aliona hofu ndani yake, waziwazi, hofu ambayo hata direkta hakuitia. Lucien aliinuka dirishani. Akaja mezani kwa hatua za mtu aendaye mahali anapopajua, akaketi, akatoa mikono yote miwili mifukoni na kuiweka mezani mbele ya watu. Cibalonza hakukumbuka mara ya mwisho aliiona yote miwili pamoja.

Kwanza hakugusa kifuniko. Alipitisha kidole gumba kwenye waya, kutoka juu hadi chini.

"Nani alisokota?"

"Mimi, Yaya."

"Mia tisa?"

"Mia tisa."

"Hapa kwa mia sita ulichoka. Umekaza sana."

"Nilipiga chafya."

"Nilikufundisha kupiga chafya kati ya mizunguko, si ndani yake." Alikuwa akitabasamu. Kisha akakamata kifuniko bila kuitoa plagi, akajaribu kukizungusha. Kikagoma, ufito ukakizuia. Alijaribu tena, kwa nguvu zaidi, akitafuta udhaifu. Kikagoma. Akaishika plagi kati ya viganja viwili, akavuta. Ikatoka, na ufito ukatoka nayo. Akaweka kiganja chake chote juu ya kifuniko, kile chenye vidole vilivyogandana, na ngozi ile laini ikashika kwenye meno mapana. Akazungusha mkono kuanzia begani.

Kifuniko kikafunguka.

Lucien alikaa nacho mkononi. Kuna kitu alikuwa amekiona. Alikipima kifuniko kwa kiganja, akakirudisha, akakifungua tena.

"Hii haiko kifuniko ya vidole," akasema polepole. "Hii ni kifuniko ya mukono kama yangu."

"Kipimo ni cha Cibalonza," Venant alisema. "Mi nilitaka ndogo. Alikataa. Alisema mutu atafungua na kiganja, ao hatutengenezi."

Lucien akamtazama dada yake. Ni dada huyu aliyechukua kiti chake, meza yake, kiboksi chake cha waya. Na kwa miaka miwili hawakuwa wamelizungumza hilo hata siku moja. Cibalonza aliinama, akijifanya anang'oa uzi kwenye kitambaa cha meza.

"Chef," Lucien akasema, bila kuondoa macho kwa dada yake, "kesho kama direkta anakuacha, mwambie kule atelie kunakosekana mutu ya kuongoza basokotaji. Huyu wenu anapiga chafya."

"Nitamwambia. Hata kama ananifukuza, nitamwambia mbele ya kutoka."

"Basi inafaa." Lucien aliisukuma chupa iliyo wazi kuelekea kwa Cibalonza. "Nimesema, Papa. Inafaa. Ile ingine, ajibu mwenyewe."

Jikoni, nyuma ya mlango, kibuyu cha kasiksi kilikuwa bado pale kilipoambiwa kikae, na Papa Polycarpe hakuwa amesema neno juu yake. Tantine Agathe alimtazama kaka yake, akautazama mlango, akamtazama tena. Papa Polycarpe hakusogea.

Cibalonza aliinuka. Alichukua glasi moja kabatini, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaiweka kando ya sonde. Aliikamata ile chupa kwa mikono miwili, akaiinamisha polepole ili waya usigonge meza, na maji yakatiririka ndani ya glasi, meupe, bila harufu. Mikono yake haikutetemeka. Alijaza hadi katikati, akaiweka chupa wima, akainua glasi mbele ya baba yake ili aione vizuri.

Akaonja kidogo.

Kisha akazunguka meza na kumpa Venant.

Venant aliipokea kwa mikono miwili. Vidole vyao vikagusana kwenye glasi, na hakuna aliyeharakisha kuviondoa. Alikunywa yote, bila kupumzika, akimtazama juu ya ukingo wa glasi mpaka tone la mwisho.

"Haina ladha," alisema kwa sauti ndogo.

"Ni vile inapashwa kuwa," Cibalonza akamjibu.

Papa Polycarpe alinyoosha mkono, akachukua ile glasi tupu. Aliinusa kwa makini, kama alivyonusa chupa zote za hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, akainusa mara ya pili. Akaiweka chini.

"Agathe," alisema, "hii maji ni ya kazi, wasiimalize. Lete ile kibuyu." Akavuta kiti kilichokuwa kitupu tangu saa tisa, akakisogeza karibu na chake. "Na weye, Venant, kaa sasa. Umesimama sana."